Kuhamisha hyukera na maua mengine ya vyungu kwa hali ya hewa yetu ya Mbeya

Habari zenu, karibuni. Leo tuko uani, Mbeya mjini, na hapa mezani kuna mmea ambao kila anayepita getini ananishauri niung'oe. Mdogo wangu, sogeza kamera hapa shinani. Mnaona? Juu kuna majani, tena mazuri, rangi ya zambarau iliyoiva. Chini yake kuna shina tupu, kavu, la kahawia, limetoka nje ya udongo vidole vinne hivi na limeinama upande. Mtu akiona hivi anadhani mmea unakufa, anaanza kuumwagia maji asubuhi na jioni. Haufi. Umepanda juu ukauacha udongo wake chini, basi. Tunachofanya leo ni kuurudisha.

Huu unaitwa hyukera. Kwao ni Amerika Kaskazini, kuanzia Kanada hadi Mexico, na aina nyingi huota milimani na penye miamba, kwa hiyo baridi yetu ya Juni hauishangai. Unapandwa zaidi kwa ajili ya majani: kuna ya zambarau, ya rangi ya karameli, ya kijani cha ndimu. Maua yake ni vikengele vidogo juu ya vijiti vyembamba. Tabia yake ni kuchipua juu kila msimu huku majani ya chini yakikauka na kudondoka, shina likizidi kurefuka. Ndiyo maana kila baada ya miaka mitatu au minne lazima utolewe na kupandwa upya kwa kina zaidi. Kama huna hyukera usiondoke. Begonia, geraniamu na agapanthasi zinahamishwa kwa hatua hizihizi, na pale zinapotofautiana nitasema.

Wakati gani? Kwa huku nyanda za juu, mimi napenda mwishoni mwa Agosti mpaka Septemba. Juni na Julai udongo ni wa baridi, na ukiwa Makete au Njombe kuna asubuhi unakuta majani yameganda barafu. Mizizi uliyoikata wakati huo inakaa tu, haichipui, na kidonda kikikaa kwenye ubaridi na unyevu kinaoza. Septemba jua linaanza kuchangamka, mmea nao unaanza kuamka, na una wiki kadhaa za kushika kabla mvua za Novemba hazijaanza. Usihamishe mmea ukiwa umechanua. Na jana yake mwagilia vizuri, maana mzizi mkavu unakatika ovyo.

Udongo ndio kazi yenyewe, nitakaa hapa kidogo. Udongo mtupu wa bustani usiuweke chunguni peke yake. Ule mwekundu wa Iringa ukishamwagiliwa mara chache unashikana kama tofali. Huu wetu mweusi wa kuelekea Uyole na Tukuyu ni mwepesi zaidi, lakini kwenye chungu nao unashuka na kujibana. Mimi nachanganya hivi: ndoo mbili za udongo wa juu uliochekechwa, ndoo moja ya mboji au samadi iliyooza kabisa, na ndoo moja ya kitu cha kupitisha hewa. Hapa Mbeya tuna bahati, tuna haya mawe mepesi ya volkano ya Mlima Rungwe, yale ukiyatupa kwenye maji yanaelea. Yaponde yawe saizi ya punje za mahindi. Walioko Iringa, chukueni pumba za mpunga kutoka mashineni, zichomeni mpaka ziwe nyeusi lakini zimwagieni maji kabla hazijawa majivu. Mchanga mnene wa mtoni pia unafaa, ule laini wa kupigia lipu hapana. Na ndugu zangu wa Mafinga, najua maranda ya mbao mnayo milima kwa milima, ila maranda mabichi yanapooza yanakula naitrojeni ya mmea, majani yanageuka njano. Yaacheni yaoze kwanza.

Samadi ina kipimo chake: ishike, inuse. Ikiwa bado inanuka kama zizi, au ukiichimbua katikati unakuta ina joto, iache. Itaunguza mizizi.

Sasa jaribu mchanganyiko. Loanisha kidogo, chota konzi moja, kamua. Fungua mkono. Donge limekaa? Sawa. Ligonge kwa kidole. Likivunjika vipande vipande uko vizuri. Likibonyea tu kama ugali, ongeza mawe au pumba. Likimwagika kabla hujaligusa, ongeza mboji.

Chungu. Ukubwa wa chungu kipya uzidi cha zamani kwa vidole viwili tu kila upande. Watu wanapenda kuruka, mmea mdogo unawekwa kwenye ndoo ya lita ishirini ili "ukue haraka". Udongo ule wote usio na mizizi unashika maji ambayo hakuna wa kuyanywa, na hyukera haivumilii miguu iliyolowa. Tundu la chini ni lazima. Vile vyungu vizuri vya Wakisi, vinavyofinyangwa Ikombe kule Ziwa Nyasa, ni vya kupikia, havina tundu na makalio yake ni ya duara. Ukitaka kukitoboa, kiloweke usiku kucha, tumia drili yenye ncha ya kutobolea ukuta, izungushe polepole bila ile ya kugonga. Kusema kweli mimi moyo hauniruhusu. Napanda kwenye kopo la plastiki lenye matundu, nalitumbukiza humo ndani ya chungu, na nikimwagilia nalitoa lichuje kwanza. Chungu kipya cha udongo chochote kile kiloweke majini mpaka kiache kutoa mapovu, la sivyo kitanyonya maji ya mmea wako.

Halafu lile jambo la kokoto chini ya chungu. Naomba tuliache. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Yanasimama pale mpakani mpaka udongo ushibe kabisa ndipo yadondoke. Kwa hiyo ukijaza kokoto umelipandisha tope karibu na mizizi, na umepunguza nafasi. Weka kigae kimoja juu ya tundu, au kipande cha wavu wa dirishani kama hiki, kuzuia udongo usitoke. Inatosha.

Haya, tunautoa. Tandaza vidole viwili upande huu wa shina na viwili upande ule, geuza chungu kichwa chini, gonga ukingo kwenye kona ya meza. Usivute majani. Ukigoma, pitisha kisu kuzunguka ukutani. Kama mmea uko kwenye kiriba, kichane ubavuni kwa wembe.

Kamera hapa karibu. Hii mizizi imezunguka imefuata umbo la chungu. Mzizi mzima ni mweupe au krimu, mgumu kidogo, ukiuvuta unarudi. Huu hapa pembeni ni mweusi. Ukiubana ganda linachomoka linabaki kama uzi, na una harufu ya maji ya mtaroni. Huo kata wote mpaka ufike penye weupe. Ile iliyozunguka chini, kata kipande cha unene wa vidole viwili, kisha chana ubavuni mara tatu kwa kisu, si kwa kina. Mnanikunjia uso huko, nawaona. Bila hivyo mizizi itaendelea kuzunguka palepale hata kwenye chungu kikubwa. Ukikuta funza weupe waliojikunja, wenye kichwa cha kahawia, hao ndio wala mizizi. Kuku wanawasubiri.

Sasa shingo, pale majani yanapoanzia. Ondoa majani yote makavu, uyavute kwa kuelekea chini. Weka udongo kidogo chunguni, simamisha mmea, pima: shina lote tupu liingie udongoni, na shingo ikae sawa na uso wa udongo. Shina lililozikwa litatoa mizizi mipya. Lakini kile kichipukizi cha katikati kisifunikwe hata kidogo, kikifunikwa kinaoza. Kwa begonia zile zenye shina nene linalotambaa, usizike kabisa. Lilaze juu ya udongo. Geraniamu inapenda mchanganyiko mkavu zaidi, mzidishie mawe. Agapanthasi inapenda kubanwa, kwa hiyo kama haijapasua chungu wala maua hayajapungua, iache ilipo.

Shina likiwa limegawanyika vichwa viwili au vitatu, kama huu, ligawe kwa kisu kisafi, kila kichwa na mizizi yake. Kisu nimekifuta kwa spiriti.

Jaza udongo pembeni, gonga chungu chini mara mbili tatu ushuke wenyewe. Usiushindilie kwa ngumi. Acha nafasi ya vidole viwili mpaka ukingoni, ndiko maji yatakakokaa yakisubiri kushuka. Mwagilia polepole mpaka yatoke chini. Udongo utatitia kidogo, ongeza, mwagilia tena.

Wiki mbili za kwanza kaa nao kivulini, mbali na upepo wa Septemba, maana huo unakausha kuliko jua. Baada ya hapo varanda ya upande wa mashariki inafaa sana: jua la asubuhi, mchana kivuli. Yenye majani ya zambarau inavumilia jua zaidi. Ya kijani cha ndimu inaungua kingo. Kabla ya kumwagilia tumbukiza kidole mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, subiri kesho. Mvua zikianza, inua vyungu juu ya matofali, mwaga maji ya visahani, na usiweke chungu pale bati linapomwagia. Tone lile linachimba udongo mpaka mizizi inabaki wazi. Wa Tukuyu mnanielewa.

Mbolea bado. Mboji iliyomo inatosha mpaka uone majani mapya yamefunguka, ndipo uweke kidogo kidogo. Urea usiiweke, utapata majani mepesi yasiyo na rangi.

Vimebaki hivi vichwa viwili vilivyokatika bila mizizi. Havitupwi. Punguza majani, acha mawili au matatu, chomeka kwenye mchanga nusu na mboji nusu, weka kivulini, usiache vikauke. Baada ya wiki nne hadi sita kivute kidogo kwa vidole viwili. Kikija, kirudishe. Kikigoma, kimeshika, unaweza kukipa kopo lake. Ndaga fijo, asanteni sana.