Kodi ya Wote, Mlango wa Nani?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Mada hii hugawa ukumbi kabla msemaji hajafungua kinywa, basi niingie moja kwa moja: je, kodi igharamie shule za binafsi za dini?

Nianze na hoja ya wazazi wanaotaka. Husema: sisi tunalipa kodi kama wengine, kisha tunalipa ada, mbona tunatozwa mara mbili? Malalamiko hayo yana uzito, lakini kodi ya elimu si ada. Asiye na mtoto huilipa pia, kwa kuwa naye ataishi kati ya watu waliosoma au wasiosoma. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani kalipa, tuulize shule inampokea nani.

Wanaopinga nao hudai kwamba dini na hazina vikikutana, nchi huharibika. Uholanzi je? Tangu katiba yake ilipobadilishwa mwaka 1917, shule za dini hupata fedha sawa na za serikali, na watoto wengi husoma katika shule zisizoendeshwa na serikali. Ufaransa, iliyotenga dini na dola kwa sheria ya mwaka 1905 (na inayojivunia jambo hilo kupita kiasi, kwa maoni yangu), ilipitisha sheria nyingine mwaka 1959: shule ya binafsi ikitia saini mkataba, serikali hulipa mishahara ya walimu. Kwa sharti: ifuate mtaala wa taifa, na ipokee watoto wote bila kujali asili, mawazo wala imani.

Sharti hilo la mwisho ndilo msimamo wangu. Sala asubuhi hainisumbui. Kinachonisumbua ni mtoto wa mlipakodi kurudishwa mlangoni kwa sababu ya imani ya baba yake.

Tazameni jimbo la Maine, Marekani. Baadhi ya wilaya zake hazina shule za sekondari, hivyo serikali huwalipia watoto ada katika shule nyingine. Shule za dini zilikuwa zimeachwa nje. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, ikaamua kuwa kuzibagua ni kinyume cha katiba. Ushindi, sivyo? Kumbe mwaka mmoja kabla, bunge la jimbo lilikuwa limekaza sheria inayozikataza shule zinazopokea fedha hizo kubagua wanafunzi. Kanisa linaloendesha mojawapo ya shule zilizohusika katika kesi ile likaenda mahakamani mwaka 2023 kupinga sheria hiyo. Fedha ilitakiwa, masharti yakakataliwa.

Na ikitolewa, itolewe kwa dini zote. Ontario, Kanada, hugharamia shule za Kikatoliki na kuziacha za dini nyingine. Mwaka 1999 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema huo ni ubaguzi. Utaratibu haukubadilika.

Kwa viongozi wa dini mliomo humu: mla cha mwenziwe na chake huliwa. Shule ikipokea kodi, mkaguzi ataingia darasani, atauliza kuhusu mtaala, ajira za walimu na orodha ya waliokataliwa. Atakuwa na haki ya kuuliza. Asiyetaka maswali hayo aendelee na ada na sadaka, na serikali isimwingilie katika anayoamini.