Wenger Alimkuta Adams: mhadhara kwa walimu wa timu za vijana

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, asanteni. Mwenyekiti ameniomba nisirudie yale ya semina iliyopita. Samahani, mzee, nitayarudia. Leo asubuhi, kwenye foleni ya chai hapo nje, kijana mmoja ameniambia kwa heshima zote kwamba Tony Adams, yule beki na nahodha wa Arsenal ya Uingereza, alikuwa mlevi na mbutuaji tu mpaka kocha Arsène Wenger alipokuja kumfundisha mpira. "Mwalimu, hilo si linajulikana?" Linajulikana, mwanangu. Linajulikana kila kijiwe chenye televisheni kuanzia Kariakoo mpaka Goma. Tatizo ni moja tu, si kweli. Na ninyi ndio mnakwenda kufundisha watoto, kwa hiyo mkibeba uongo huu mtawaharibia mabeki.

Naanza na tarehe, maana tarehe haibishaniwi. Wenger alianza kazi rasmi Arsenal tarehe 1 Oktoba 1996. Adams aliacha pombe tarehe 16 Agosti 1996. Mwezi wa tisa akawakusanya wachezaji wenzake, akawaambia yeye ni mlevi na anatafuta msaada, na dunia nzima ikasikia. Siku hiyo anaacha, Wenger yuko Nagoya, Japani, anafundisha timu nyingine kabisa. Sasa huyo Wenger alimwachisha pombe kwa simu?

Nani anacheka huko nyuma? Cheka, lakini andika hizo tarehe.

Sitawapotezea muda na utoto wake. Mnajua ni mtoto wa Romford, mnajua aliingia Arsenal akiwa mwanafunzi, mnajua hakuwahi kuvaa jezi ya klabu nyingine mpaka anastaafu 2002. Mechi 669. Mcheza kwao hutunzwa, na yeye katunzwa mpaka kwa sanamu. Ninachotaka mkione ni miaka ile ambayo watu wanairuka, kuanzia 1986 alipofika kocha George Graham. Siku ya kwanza ya mwaka 1988 Graham alimpa Adams kitambaa cha unahodha. Alikuwa na umri wa miaka 21. Dressing ruumu ile ilikuwa na watu wazima wenye majina, akapewa mtoto. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa anaongea. Uwanjani alikuwa hanyamazi. Ninyi watoto wenu mnawaambia "acha kelele, cheza mpira", kisha mnashangaa mabeki wanagongana.

Sasa twende kwenye punda. Wanaonijua walikuwa wanasubiri punda.

Aprili 1989 Arsenal wako Old Trafford, kwa Manchester United, wanafukuzia ubingwa ambao hawajauona tangu 1971. Adams anafunga, Arsenal wanaongoza. Zimebaki dakika chache, anajaribu kuokoa krosi, anajifunga. Moja moja. Kesho yake gazeti moja la Uingereza linachapa picha yake limemchorea masikio ya punda. Baada ya hapo kila uwanja aliokwenda, mashabiki walikuwa wanamlilia kilio cha punda. Wengine walikwenda mpirani na karoti mfukoni, wakamrushia. Na msidhani ilikuwa wiki moja. Ilikuwa miaka. Ana umri wa miaka 22, nahodha, na mwaka uliotangulia, kwenye Euro 1988, Marco van Basten alikuwa ameifunga Uingereza mabao matatu huku Adams akiwa pale katikati anaona. Beki wako wewe akifanyiwa nusu ya hayo, utampanga Jumamosi?

Lakini ngoja, kuna jambo la kocha hapa ambalo gazeti halikuliona. Siku ile Old Trafford, Graham alibadilisha mfumo. Alipanga mabeki wa kati watatu, David O'Leary akiungana na Adams na Steve Bould. Watu waliona bao la kujifunga, wakacheka punda. Graham aliona mfumo, akaumeza, akaondoka nao.

Tarehe 26 Mei 1989 wako Anfield. Mechi ilikuwa imesogezwa mbele baada ya msiba wa Hillsborough, ambapo mashabiki wa Liverpool walikufa kwenye msongamano uwanjani, na Arsenal waliingia uwanjani na maua, wakawapelekea mashabiki wa Liverpool. Mechi ya mwisho ya ligi. Arsenal wanahitaji ushindi wa mabao mawili, kwenye uwanja wa Liverpool ile, ya akina Barnes, Rush na Aldridge, iliyotoka kuchukua Kombe la FA wiki hiyo hiyo. Kila mwenye akili aliandika kwamba Graham atashambulia kama kichaa. Graham akapanga mabeki watano! Walewale watatu wa Old Trafford katikati, Lee Dixon kulia, Nigel Winterburn kushoto. Winterburn alikuwa beki tatu, na nyie akina mama huko mbele msinicheke, namba ni namba.

Mpaka mapumziko sifuri sifuri. Graham hana wasiwasi. Dakika ya 52 Winterburn anapiga mpira wa adhabu, Alan Smith anaugusa kwa kichwa, moja. Halafu kimya kirefu, Liverpool wanajua wakifungwa moja tu wao ni mabingwa. Dakika za nyongeza, John Barnes ana mpira upande wa kona ya Arsenal. Badala ya kuulalia huko pembeni muda uishe, anataka kuingia ndani. Kevin Richardson anamnyang'anya, anamrudishia kipa Lukic. Lukic haubutui, anaurusha kwa Dixon. Beki wa kulia huyo, sekunde za mwisho za msimu, anainua kichwa na kupiga pasi ndefu inayomfikia Smith. Smith kwa Michael Thomas. Thomas anamgonga Nicol, mpira unamrudia, anamwona kipa anashuka, bao. Timu mbili pointi 76, tofauti ya mabao sawa, 37 na 37, Arsenal bingwa kwa kuwa amefunga mengi zaidi. Nahodha anayenyanyua kombe ni yule punda. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, na Liverpool waliyapokea nyumbani kwao.

Nimewasimulia kirefu kwa sababu mnaposema "kabla ya Wenger walikuwa wanabutua", mimi nakumbuka Lukic kwa Dixon.

Haya, ukuta wenyewe. Graham aliujenga kwa vifaa vya bei ya chini. Dixon na Bould wote aliwatoa Stoke City, daraja la pili. Winterburn alitoka Wimbledon. Kipa ndiye aliyekuwa ghali, David Seaman, 1990, kutoka klabu ya QPR. Wale mabeki wanne, Adams akiwemo, walifanyishwa zoezi moja asubuhi baada ya asubuhi: mpira ukienda kulia wote wanasogea kulia, ukirudishwa nyuma wote wanapanda, hatua moja. Inasimuliwa kwamba waliwahi kushikishwa kamba ili mmoja akichelewa wenzake waijue kwa mkono. Baadaye akarudi Martin Keown kutoka Everton, akaingia kwenye ukuta ule ule bila kuubomoa.

Najua mtakachosema. Mtasema ule ulikuwa mtego wa kuotea tu, mabeki wanapanda pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao: Adams ananyanyua mkono, mshika kibendera ananyanyua kibendera, kazi imekwisha, siku hizi kwa sheria za sasa wasingeweza. Sawa. Nisikilizeni vizuri. Mwaka 1990 sheria ya kuotea ilibadilishwa. Kabla ya hapo mshambuliaji aliyelingana na beki alihesabika ameotea. Baada ya hapo kulingana ikawa ruksa. Mtego ukawa mgumu, hatua moja ya kuchelewa unafungwa. Msimu uliofuata, 1990/91, ndio Arsenal waliruhusu mabao 18 kwenye mechi 38. Kumi na nane! Walipoteza mechi moja tu, walikatwa pointi 2 kwa ule ugomvi wa wachezaji na Manchester United pale Old Trafford, na bado walikuwa mabingwa. Sheria imewabana, wao wamekuwa bora zaidi. Mtego wa mkono haufanyi hivyo. Ni miguu minane inayoondoka kwa wakati mmoja, na mtu mmoja katikati anayesema lini.

Kuna mtu ameinua mkono. Ngoja nikumalizie, nadhani najua: "Mwalimu, huo ndio msimu aliofungwa jela." Ndiyo. Sijamficha. Mwezi Mei 1990 aliendesha gari amelewa, akagonga ukuta, na Desemba mahakama ikampa miezi minne. Alikaa siku 57. Angeweza kuua mtu, na hilo sitalipamba. Watoto wenu wakikuulizeni, waambieni hivyo hivyo, alistahili. Lakini kwa kuwa tunaongea ukocha, fungueni ratiba ya msimu ule mtafute ile mechi moja waliyopoteza. Ni ugenini kwa Chelsea, Februari 1991. Adams alikuwa ndani.

Siwezi kuapa kwamba angekuwepo wasingefungwa. Nawaachia tu tarehe.

Kuna na hili la 1993, maana nisipolisema mtaniuliza. Mwaka ule alifunga kwa kichwa bao pekee la nusu fainali ya FA dhidi ya Tottenham pale Wembley. Wiki mbili baadaye, fainali ya Kombe la Ligi, mwenzake Steve Morrow anafunga bao la ushindi. Kipenga cha mwisho, Adams anamnyanyua Morrow mabegani kwa furaha, anamdondosha, Morrow anavunjika mkono. Mfungaji anatoka uwanjani na machela na oksijeni, medali bado hajapewa. Kwa hiyo nakubali, mikono yake ilikuwa mizuri zaidi kwa kuombea kuotea.

Sasa nimpe Wenger haki yake, msije mkasema nina chuki. Alibadilisha chakula. Alileta mazoezi ya kunyoosha viungo. Adams alipoumia kifundo cha mguu alimruhusu akatibiwe Ufaransa kwa utulivu badala ya kumlazimisha kucheza. Miaka ya mabeki wale aliirefusha, hilo nampigia makofi. Na aliwapa ruhusa ya kupanda. Tarehe 3 Mei 1998, Highbury, uwanja wa Arsenal wa wakati ule, Arsenal wanaifunga Everton mabao 4 na kuchukua ubingwa. Bao la nne, dakika za mwisho, Adams anapanda kama kiungo, anainuliwa pasi juu ya mabeki, anatuliza kwa kifua, anapiga na mguu wa kushoto. Ile aliyosimama baada ya hapo, mikono imetandazwa, ndiyo sanamu iliyoko nje ya uwanja wa Emirates. Vizuri. Nani alitoa pasi? Bergkamp? Overmars? Vieira? Ni Steve Bould, beki wa kati aliyetokea benchi! Yule wa Stoke, yule wa kamba. Beki wa Graham kampasia beki wa Graham, na sisi tunaandika kwamba ni soka la Wenger.

Na msimu uliofuata, 1998/99, wakaruhusu mabao 17, moja pungufu ya yale ya 1991, ingawa ubingwa ulikwenda Manchester kwa pointi moja. Seaman, Dixon, Keown, Adams, Winterburn. Hakuna hata mmoja aliyesajiliwa na Wenger. Wale Wasioshindwa wa 2003/04, Arsenal ya Wenger iliyomaliza ligi bila kupoteza mechi, mnaowaimba mpaka mnakauka koo, waliruhusu 26. Wakati wa hao Adams alikuwa ameshastaafu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka niongee timu ya taifa, nitapita mbio. Mechi 66. Waliachana naye Kombe la Dunia 1990, akaja kuongoza Euro 1996 nyumbani, wakatolewa na Ujerumani nusu fainali kwa matuta. Ulevi wake wa mwisho ulianzia hapo, wiki kadhaa, mpaka ile tarehe niliyowaandikisha. Mwaka 2000 akaanzisha kituo cha Sporting Chance kusaidia wanamichezo wenye matatizo ya ulevi na mengineyo. Hili lingestahili kikao chake, maana kila mmoja wenu hapa ana mchezaji anayejificha, na dawa yake ya kumkimbiza mizunguko kumi haifanyi kazi.

Ukocha? Wycombe walishuka daraja. Portsmouth alikaa miezi michache, ingawa aliwabana AC Milan sare ya 2-2. Gabala kule Azerbaijan. Granada 2017, mechi saba, akapoteza zote saba. Kijana wa kwenye chai alinitupia na hilo: ukuta wake angalau ungemfanya kocha. Kwani nani kasema mtu aliyefundishwa vizuri lazima ajue kufundisha? Graham alikuwa kiungo mvivu wa kukimbia, mwulizeni yeyote aliyemwona, akawa bingwa wa kufundisha mabeki. Hiyo ndiyo habari njema kwenu mliocheza winga.

Jioni tunakwenda uwanjani. Dakika ishirini za kwanza sitaki kuona mshambuliaji wala goli, nataka wanne wanne kwenye mstari, mmoja anaongea. Kamba nimekuja nazo kwenye gari. Haya, maswali. Na asiniulize mtu kuhusu Thierry Henry, yule mshambuliaji wa Wenger.