Mende wa Msituni: Tusiishie Kwenye Taa

Habari za asubuhi, walimu wangu na wanafunzi. Nikitaja mende najua wengi mnawaza karo na kabati la jikoni. Hao ni wachache mno. Spishi zilizokwisha kupewa majina zinapita 4,500, na zinazoganda kwa binadamu ni kama 30 tu. Waliobaki wako msituni, wanakula majani yaliyooza, hawana habari na ugali wa mtu.

Tuchukue msitu wa hifadhi wa Amani, Usambara Mashariki, Tanzania. Kibali kwanza: COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa utafiti; TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwa kuwa hifadhi ni yao. Bila hivyo usitoke na hata mguu wa mdudu.

Mchana unaweza kupita njia nzima usione kitu. Rudi saa mbili usiku na tochi ya kichwani, tembea polepole, mulika vichaka kuanzia usawa wa goti hadi kichwani. Giza likiingia, mende wengi hupanda kutoka chini, utamkuta katulia juu ya jani, vipapasio tu vinacheza. Usimkimbilie kwa mkono. Kinga kichupa chini, gusa jani kwa juu; mara nyingi hujiangusha mwenyewe.

Taa na shuka jeupe vinapendwa kwa sababu unakaa, wadudu wanakuja. Lakini huja wanaoruka, na kwa spishi nyingi hao ni madume. Majike yako kwenye majani makavu na chini ya magome ya magogo. Huko lazima uchekeche na ubandue, mpaka mgongo uchoke. Mkusanyo wa taa peke yake, kwangu mimi, ni nusu ya kazi. Katika Perisphaerinae, nusufamilia mojawapo ya mende, dume ana mabawa, jike mara nyingi hana kabisa. Ukiwalaza mezani pamoja utaapa si ndugu. Ukiwakuta kwenye gogo moja, waandike hivyo papo hapo, na ikiwezekana walee hai wazaane. Tunutu, yaani mende mchanga, naye mlee hadi apevuke, maana kwa umbo hatambuliki kirahisi.

Kulea si mchezo wa watoto. Mende Simandoa conserfariam wa Guinea, aliyeelezwa na wanasayansi Roth na Naskrecki mwaka 2004, alijulikana kutoka pango moja tu. Uchimbaji madini ukaliharibu pango. Waliopo leo ni vizazi vya waliochukuliwa hai na kufugwa.

Kuhifadhi: ethanoli ya 70 hadi 80% kwa umbo, 96% kwa mguu mmoja wa kupimia DNA. Usimtumbukize mzima kwenye hiyo kali, atakakamaa na miguu ikatike.

Sasa kwenye hadubini. Rangi itakudanganya. Tazama miiba ya paja la mbele, kisha nenda nyuma kwa dume. Kata ncha ya tumbo, iloweke kwenye potashi ya 10% mpaka nyama iyeyuke, zibaki sehemu ngumu za viungo vya uzazi. Humo mna ndoano ndogo: katika nusufamilia ya Blattellinae iko kushoto, katika ile ya Pseudophyllodromiinae iko kulia. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, hakikisha unatazama kutoka mgongoni. Kipande kikigeuka kwenye gliserini, umemhamisha mdudu nusufamilia nzima bila kujua.

Madume yako kwenye trei ya kwanza. Kila wawili hadubini moja, tafadhali.