Gari Lako Hulala Wapi?

(Mhadhara wa jioni mjini Mombasa, mbele ya madereva, wenye magari na wanafunzi wa ufundi)

Asalaam aleikum, na wengine habari za jioni. Nashukuru mmekuja, hasa nyinyi wa teksi, maana saa hizi ndizo za abiria na kila dakika mnayokaa hapa ni pesa.

Kuna swali naulizwa kila niegeshapo gari langu la umeme, iwe Marikiti, iwe harusini, iwe matangani. Mtu hulizunguka, akainama, akatafuta ekzosi asiione, kisha husema: "Mwalimu, na likikuishia chaji njiani je?" Miaka minne sasa nalisikia hilo. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza ninalotaka tulizungumze leo: gari lako hulala wapi?

Lakini kwanza niwape wenye petroli haki yao, wasije wakasema nimekuja kuuza. Lita moja ya petroli imebeba nguvu ya uniti tisa hivi za stima, uniti hizi hizi mnazonunua kwa tokeni. Ukijaza lita 40, na pampu humaliza kwa dakika mbili tatu, umeingiza garini kama uniti 360. Sasa chukua soketi ya ukutani, ile unayopigia pasi. Ukivuta ampia 10 kwa utulivu, bila kuichemsha, inakupa uniti mbili na nusu hivi kwa saa. Kufikia uniti 360 ungekaa siku sita, usiku na mchana. Kweli, injini ya petroli sehemu kubwa ya nguvu hiyo inaigeuza joto tu, ndiyo maana huwezi kuweka mkono kwenye boneti ukitoka Changamwe saa kumi na mbili jioni. Lakini hata ukipunguza hayo, kwenye kujaza petroli imeshinda, na imeshinda kwa mbali. Mtu akikwambia gari la umeme linajaa haraka kuliko la mafuta, muulize anauza nini.

Hebu sasa tuseme ukweli wetu. Ni nani hapa hujaza tangi? Nyosheni mikono. (Kicheko.) Watatu. Na mmoja wao ni daktari. Sisi wengine tunaweka ya mia tano. Kesho tena ya mia tano. Keshokutwa tuko pale pale, tumetoka njiani, tumepinda kulia mbele ya matatu yanayopiga honi, tunasubiri chenji. Kasi ile ya pampu, tuliyoisifu sasa hivi, haitufai sana, kwa sababu muda wetu hauliwi na kumimina. Unaliwa na kwenda.

Mimi naishi upande wa Bamburi. Nikifika nyumbani saa moja jioni nafungua kifuniko cha mbele ya gari, nachomeka, naingia jikoni. Sekunde kumi. Kwa siku natembea kilomita 50 hadi 60, nazo zinakula uniti nane au tisa, basi soketi inahitaji kama saa nne kurudisha nilichotumia. Gari hulala kwa muda wa saa kumi na moja. Ikifika saa nane za usiku limeshashiba zamani, mimi niko ndotoni.

Nyinyi ni watu wa Mombasa, mtanielewa nikisema hivi. Maji ya mfereji huja usiku, kama yakija. Yanadondoka tangini polepole, kwa mkondo mwembamba kama uzi, nawe umelala. Alfajiri tangi limejaa, na hakuna aliyehangaika. Boza la maji lenyewe linakuja kwa kishindo, linajaza tangi hilo hilo kwa dakika chache, lakini ulilipigia simu, ukalisubiri, ukalifungulia geti, ukabishana bei. Petroli ni boza. Stima ni mfereji wa usiku.

Na hapo ndipo mambo yanapogawanyika, maana si kila nyumba ina mfereji. Anayekaa Kibokoni, ndani kabisa ya Mji wa Kale, gari lake analiacha barabarani nyumba ishirini mbali na mlango wake. Anayekaa ghorofa ya nne Tudor, hata akiwa na nafasi ya kuegesha chini, soketi iliyo chini ni ya taa ya mlinzi na bili ni ya mwenye nyumba. Hao nikiwaambia gari la umeme ni raha nitakuwa nawadanganya. Kwao litakuwa taabu kuliko la petroli: watalitafutia chaji mjini kama mtu anayetafuta maji kwa madumu, na watakaa wakilisubiri. Gari ni lile lile, chuma ni kile kile. Mwenye ua ameneemeka, asiye na ua amejitwika mzigo. Ndiyo maana wale wanaobishana kama gari la umeme ni rahisi au ni gumu huwa nawaacha wabishane. Hakuna aliyesema kwanza analala wapi.

Na nyinyi wa teksi? Wewe kakangu mwenye fulana ya kijani, kwa siku unatembea ngapi? (Sauti: "Mia mbili, siku nzuri mia mbili hamsini.") Haya. Mia mbili ni uniti 32 hivi. Kwa soketi ya pasi ni saa kumi na tatu. Huna saa kumi na tatu; gari lako halilali hata saa saba. Wewe unahitaji chaja ya ukutani iliyofungwa na fundi mwenye leseni, na waya wake mnene kutoka kwenye mita, si ule wa kuunga unga. Chaja kama hiyo, ikiwa gari lenyewe linaweza kupokea kasi hiyo, inafanya kazi hiyo kwa saa tano. Tena tangu 2023 iko bei maalumu ya stima ya magari: ilipoanza ilikuwa shilingi 16 kwa uniti, na saa za usiku 8, kabla ya tozo. Bei hiyo ina mita yake, kwa hiyo tunarudi pale pale, kwa mwenye nyumba.

Wa bodaboda wao waliruka ukuta huu kwa njia nyingine. Kigali walianza mapema, tangu 2019, na siku hizi utaona hivyo hata Nairobi: kijana anafika kituoni, anachomoa betri tupu, anapewa iliyojaa, anaondoka kabla chai haijapoa. Betri hailali kwake, wala si yake. Betri ya pikipiki mtu mmoja anaibeba. Ya gari ni kilo mia mbili tatu na ushee, imejilaza chini ya sakafu, hiyo huibebi.

Sasa niwapeleke Likoni. Nyinyi mnaovuka mnajua foleni ya feri saa za jioni, jua bado kali. Kwenye gari la petroli una mawili. Uzime injini ukae kwenye jasho, au uache inanguruma, kiyoyozi kinafanya kazi, mafuta yanakwenda na wewe huendi. Unasogea hatua kumi, unasimama, unasogea tena. Klachi inalia, na kama gari ni la zamani sindano ya joto inapanda nawe roho inapanda nayo. Kwenye gari la umeme mota ikisimama imesimama, haili kitu. Kinachokula ni kiyoyozi peke yake, uniti moja kwa saa hivi, mara nyingine chini ya hapo. Nimewahi kukaa pale saa nzima na nusu, nikasahihisha mitihani ya darasa zima, nikavuka nikiwa nimepoteza chaji ya kilomita kumi. Ukiniuliza siku gani nililipenda gari hili, ni siku ile, si siku niliyolinunua.

Foleni ndiyo nyumbani kwake. Kila ukiondoa mguu, mota inageuka jenereta na kurudisha kidogo kwenye betri, kwa hiyo hata breki pedi zinadumu. Barabara kuu ya kasi ndiyo inayolitesa, kinyume kabisa na petroli. Watu hawaliamini hilo mpaka waone.

Safari ndefu nisiifiche. Malindi ni kilomita 120. Langu, kwa chaji moja, linanipa 190 hivi nikienda kistaarabu. Nafika vizuri, lakini kurudi siku hiyo hiyo lazima nichomeke mahali, na Malindi mimi huchomeka kwa shemeji yangu. Nala kwake, nalala kwake, stima yake nayo naila. (Kicheko.) Nairobi? Kilomita 480 na zaidi. Nairobi napanda treni. Mwenye kazi ya kwenda bara kila wiki, mama yangu, kaa na petroli yako, hakuna aibu.

Matengenezo nitayapitia haraka, maana mnayajua. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna klachi. Matairi yanaisha upesi kidogo kwa sababu gari ni zito. Na joto letu hili si rafiki wa betri. Yako magari, zikiwemo Nissan Leaf za mwanzo kutoka Japani, ambayo betri yake haina maji ya kuipoza, na kwenye miji ya joto ilionekana kuchoka mapema. Ukinunua la mkono wa pili, usianze kutazama rangi. Tazama vile vijistari vya afya ya betri kwenye dashibodi: Leaf mpya ina 12, ukikuta 8 muuzaji akutajie bei ya 8. Na egesha kivulini.

Hitilafu yangu mimi ilikuwa ya kuchekesha. Asubuhi moja ya mtihani natoka, gari kimya. Si kimya kile cha kawaida. Kimya cha maiti. Betri kubwa imejaa pomoni, uniti chungu nzima, na gari halifunguki hata mlango. Kumbe ndani mna betri nyingine ndogo, ya volti 12, kama ya gari lolote, na ndiyo inayoamsha kompyuta na swichi za kuiunganisha ile kubwa. Ndogo ilikuwa imekufa. Jirani alikuja na Probox yake ya petroli, tukaunga nyaya, nikaondoka. Tangu siku hiyo ana haki ya kunicheka, naye haiachii.

Ila na mimi nilicheka yangu. Aprili 2022 petroli ilipoadimika nchini, yeye alikuwa foleni na dumu. Halafu tarehe 25 Agosti 2023 usiku stima ikazima nchi nzima, akaja getini kwangu kwa furaha: "Haya, sasa utachaji nini?" Nikamwambia limejaa robo tatu, litanitosha siku mbili. Yeye ndiye aliyekuwa na taa ya mafuta inawaka, akatoka kwenda kujaza, akarudi vile vile. Pampu pia hutumia stima, na kituo cha karibu hakikuwa na jenereta.

(Sauti: "Lakini vituo vya chaji viko wapi? Vya petroli viko kila kona!") Ni kweli, Mzee wangu. Vya chaji ni vya kuhesabu. Lakini hebu nikukumbushe vya petroli vilitoka wapi. Agosti 1888, Bertha Benz, mke wa Karl Benz, yule muundaji wa gari la petroli, alichukua gari la mumewe bila kumwambia, akawapakia wanawe wawili, akatoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, kilomita mia moja na kidogo. Mafuta yalimpungukia. Pampu ya mafuta ya gari haikuwepo popote duniani. Akasimama mji wa Wiesloch, akaingia duka la dawa, akanunua mafuta ya kusafishia madoa. Duka lile watu mpaka leo wanaliita kituo cha kwanza cha mafuta. Hakuna aliyemwambia Bertha angoje kwanza kona zote zijae vituo. Alikuwa na mama wa kwenda kumwona.

Naona muda umekwenda na adhana iko karibu. Gari liko nje, karibu na kibanda cha mlinzi, nimelichomeka kwa ruhusa ya wenyeji wetu na uniti zao nitazilipa. Nilipolitazama mara ya mwisho lilikuwa asilimia 61. Anayetaka kuliendesha mpaka Lighthouse na kurudi, ufunguo huu hapa. Ila akanyage taratibu, na uchochoroni apige honi kidogo. Wasukuma mikokoteni hawalisikii likija.