Bangili ya Babu Maximón

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wenzangu mnaotunga shanga, habari za mchana.

Kabla sijaendelea, naomba bangili hii ipite mkono kwa mkono. Ipapaseni. Ni mbegu nyekundu 13 kwenye uzi uliotiwa nta, na katikati inaning'inia medali nyembamba. Kwenye medali kuna mtu ameketi kitini: suti nyeusi, kofia pana, masharubu, fimbo mkononi. Uzi umekatwa, mtauona. Sababu yake nitaisema baadaye.

Huyu anaitwa San Simón. Kule Santiago Atitlán, kando ya Ziwa Atitlán nchini Guatemala, Amerika ya Kati, Wamaya wa Tz'utujil, wenyeji wa asili wa kule, humwita Maximón, na kwa heshima zaidi Rilaj Mam, yaani Babu Mtukufu. Kanisa Katoliki halimtambui kuwa mtakatifu. Waliomtawaza ni watu wenyewe, na mimi huo utawazo wao nauheshimu.

Wazee wa Atitlán husimulia kwamba zamani wanaume walikuwa wakisafiri mbali kufanya biashara, na huku nyuma ndoa zao zikaingiliwa. Basi wakachonga mlinzi kwa mti unaoitwa tz'ite. Mlinzi naye akageuka akaanza kuwafuata wake za watu. Wakamkatakata, wakamfunga kamba. Wengi hulieleza jina Maximón kwa neno la Kimaya xim, maana yake kufunga. Naomba tulishike hilo fundo, kwa sababu vito vyake vyote mimi navisoma kuanzia hapo.

Mti wenyewe si mgeni kwetu. Ni ndugu wa mwamba-ngoma, ule wenye maua mekundu kama makaa. Hizo mbegu mlizoshika ni za tz'ite. Wajuzi wa kalenda ya Kimaya ya siku 260, inayozungusha majina 20 ya siku na namba 13, huzimwaga mezani na kuzihesabu mafungu mafungu wakimtafutia mtu jibu. Na hili nawaambia kama fundi: zina sumu. Ukizitoboa jikinge na vumbi lake, na mtoto asizitafune.

Sasa mwangalieni Babu mwenyewe. Hakai kanisani. Hutunzwa na kofradia, chama cha wazee wa dini, na kila mwaka huhamia nyumba nyingine. Shingoni amevikwa skafu na tai, moja juu ya nyingine, mpaka kifua hakionekani. Mdomoni sigara, pembeni chupa ya pombe kali. Katika Juma Kuu hutolewa nje akabebwa begani na mtu mmoja. Kila skafu pale ililetwa na mtu mwenye jambo lake: mgonjwa, mdeni, aliyeachwa. Mtu yule hakuja kupamba sanamu, alikuja kuweka nadhiri. Kwa hiyo nikiona bangili mkononi mwa mwumini wake, naona upande wa pili wa nadhiri ileile. Babu amefungwa skafu, mjukuu amefungwa uzi.

Kwenye mji mwingine wa Guatemala, San Andrés Itzapa, ambako sikukuu yake ni tarehe 28 Oktoba, mishumaa huchaguliwa kwa rangi: nyekundu ya mapenzi, kijani ya biashara, nyeusi ya kujikinga na maadui. Anayetunga bangili kwa nadhiri naye huijua rangi anayoitafuta. Shanga za kioo wanazofuma akina mama wa Atitlán nyingi hutoka Ucheki, kulekule zinakotoka nyingi za Wamaasai. Kioo kimoja, maneno mawili tofauti kabisa. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema ushanga ni ushanga tu.

Mwaka 1950 mapadri walimvamia Babu, na kinyago chake kikachukuliwa. Kiliishia kwenye jumba la makumbusho jijini Paris, kikarudi Atitlán mwaka 1979. Fikirieni miaka yote hiyo, uso wa babu yenu uko ndani ya kabati la kioo ng'ambo ya bahari! Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangu 1960 hadi 1996, vikawasukuma watu wengi hadi Marekani. Sanamu ya mti haivuki mpaka kirahisi. Medali ya ukubwa wa kucha inavuka. Leo San Simón yuko Los Angeles, kwenye maduka ya mitishamba na mishumaa, na kwenye vifundo vya mikono ya wapishi na wafagizi.

Huko ndiko nilikoipata hii. Nilifanya kazi jikoni na dada mmoja wa Guatemala. Mama yangu alikuwa mgonjwa huku nyumbani, na mimi nilikuwa sina nauli. Dada yule alinivuta pembeni ya jokofu. Bangili hii haina kishikizo, na mkono mmoja hauwezi kujifunga wenyewe, lazima mwenzako akufunge. Aliniuliza kwanza ninaomba nini. Nikamtajia jina la mama. Akalirudia polepole mpaka akalipatia, ndipo akakaza fundo na kukata ncha kwa meno.

Wiki nyingi baadaye mama alinipigia simu, akasema leo amesonga ugali mwenyewe. Nilimwonyesha dada yule mkono wangu, naye akachukua kisu cha kumenyea vitunguu, akaukata uzi pale mnapopaona.