Januari siyo mwezi wa kutafuta mahindi ya shule

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Wazee shikamooni, walimu habari za saa hizi. Mi sina slaidi, umeme wenyewe si mnauona, kwahiyo tuongee tu.

Nimekuwa bwana shamba huku Dodoma miaka mingi na saivi niko kwenye kamati ya shule, na kuna kitu kimoja kinaniuma kila mwaka. Shule inafungua Januari. Mzazi Januari ana sare, ana madaftari, anatafuta mbegu, kihenge kimebaki vumbi, alafu ndo mwezi huohuo tunamwita kikaoni eti lete hela ya chakula cha mtoto. Ataitoa wapi? Na hata akitoa, Januari mahindi ndo yameshapaa, yani tunaenda kununua kwa mfanyabiashara mahindi yaleyale ambayo huyu mzazi alimuuzia mwezi wa sita, tena kwa lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo. Mahindi yametoka hapa, yakaenda kulala mjini, yamerudi hapa na bei nyingine. (Kicheko.) Mnacheka, lakini si ndo hivyo?

Naomba tupige hesabu, mwalimu nisaidie. Mtoto mmoja mpe gramu 150 za mahindi na 40 za maharage, hayo ni makande ya mchana ya kueleweka siyo yale ya kuhesabu punje. Siku za masomo ni 194. Inakuja kilo 29 za mahindi kwa mtoto kwa mwaka mzima, na maharage kama kilo 8. Kilo 29 ni debe moja na nusu, kidogo izidi. Sasa mwambie mkulima mwezi wa sita akiwa anapukuchua akupimie debe moja na nusu uone, anakupimia huku anapiga stori. Mwambie hela ya hilo debe Januari, anakukwepa njiani. Shule ya watoto 600 ni magunia 175 hivi, na magunia 175 kwenye kata hii yapo, tatizo tunayafuata yakiwa yameshaondoka.

Watu wanasema elimu ni bure. Mwaka 2016 ilivyoanza ya bila ada wengi tulielewa na sahani inakuja na lori la serikali, wazazi wakaacha kuchangia, majiko yakapoa. Ada ndo iliyofutwa, mtoto wa kutwa kula mchana ilibaki kazi yetu sisi. Ila niseme na hili, mtoto asisimamishwe pembeni anaangalia wenzake wanakula kisa baba yake hajaleta debe, hilo mi sikubali hata kidogo, kamati imfuate baba.

Wenzetu Brazil walifanya jambo mwaka 2009, wakaweka sheria kwamba katika hela ya serikali kuu ya chakula cha shule, angalau asilimia 30 inunue kwa wakulima wadogo wa familia. Mi kilichonivutia siyo hiyo asilimia, ni namna wanavyonunua. Hawamwambii mkulima wa nusu heka akashindane tenda na kampuni, wanatangaza mapema tunataka kitu gani, kiasi gani, kwa bei hii, na menyu inapangwa na mtu wa lishe akiangalia eneo lile linalima nini. Yani mkulima anajua mteja wake kabla hajashika jembe. Hapa kwetu mama analima mchicha na viazi lishe mita 200 kutoka jikoni kwa shule na hajawahi kuulizwa bei!

Sasa ubaya wake nao nauweka mezani, maana nilishaumia. Kuna shule moja niliwashawishi wakakusanya mahindi Juni, wakajaza stoo, mi nikarudi zangu kwenye shughuli. Septemba naitwa. Nafungua gunia la kwanza mkono unazama kwenye unga, dumuzi, yule mdudu mtoboa mahindi tunayemwita Scania, kamaliza. Kosa langu, sikusimamia ukaushaji. Na dumuzi ana nafuu, unamwona. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi yasiyokauka vizuri, huioni, na hapa Dodoma na Manyara 2016 tulizika watu kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu. Kwahiyo debe la mzazi lisipokelewe kwa macho tu. Mnachukua chupa kavu kabisa, mnatia mahindi na chumvi kavu kidogo, mnatikisa, mnaiacha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mwambie arudishe juani, hata kama ni mwenyekiti. Yakishakauka yaingie kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi anakosa pumzi humo, ila mfungo wa kizembe mfuko wote ni kazi bure.

Mama pale umeuliza ufunguo wa stoo atashika nani. Swali zuri na najua limetokea wapi. Weka kufuli mbili, moja ya mwalimu moja ya mzazi wa kamati, na daftari linaning'inia mlangoni, limetoka debe ngapi, limepikiwa watoto wangapi, kila mtu asome.

Haya, nani ana chupa kavu hapo? Siyo hiyo ya maji baba, kavu nimesema. Mama niletee na yale mahindi ya kwako, tuanze na ya kwako.