Mlima umewashiwa balbu

Karibuni, sogeeni mezani kwanza. Hiki ni faneli tu, ndani kuna bonge la udongo na juu kuna balbu, Mwitaliano Antonio Berlese ndo aliyeanza nacho 1905 akitumia maji ya moto, balbu ilikuja baadaye. Udongo unapata joto juu, unakauka, viumbe wanakimbilia chini mpaka wanadondoka kwenye chupa. Hawa weupe kama punje za chumvi ni kolembola, vidudu vidogo visivyo na mabawa, hawa ni wa udongo wa ndani, hawana macho wala mkia wa kurukia maana maisha yao yote ni gizani, na hawa wa mviringo ni utitiri.

Sasa dunia inavyopata joto, ni kama mlima wenyewe ndo umewashiwa balbu. Ukipanda mita 100 joto linashuka kama nusu digrii hivi au zaidi kidogo, kwa hiyo kiumbe anayefuata ubaridi wake inabidi apande, na yule aliyekuwa tayari kileleni, basi, hana pa kwenda.

Ila nataka tukae kwa nyungunyungu. Juu kule majani yakianguka hayaozi upesi, baridi inazuia, yanalundikana miaka na miaka yanakuwa tabaka jeusi laini kama godoro, na humo imelala kaboni nyingi sana, wanaolitafuna ni hawa wadogo, kidogokidogo. Joto likiongezeka nyungunyungu na majongoo wanaanza kupanda, polepole kweli, nyungunyungu wakiachwa wenyewe ni kama mita 5 mpaka 10 kwa mwaka, lakini wakishafika wanavuta majani chini, wanayachanganya na udongo, lile godoro linakwisha. Kaboni nyingine inafungwa kwenye kinyesi chao, nyingine inatoka hewani. Misitu ya Great Lakes kule Marekani, ambako barafu ya kale iliacha ardhi bila nyungunyungu, walipoletwa na walowezi tabaka likaliwa na maua ya msituni yakapungua, na ile ni tambarare, hebu fikirieni mteremko wenye mvua.

Halafu theluji. Ile ni blanketi jamani! Chini ya theluji nene udongo unabaki karibu na sifuri hata nje kukiwa kwenye hasi 20, theluji ikipungua udongo unaganda, yaani dunia inapata joto halafu mdudu anakufa kwa baridi. Ndo maana nawaomba mnaopima milimani, kipimajoto kimoja kifukieni sentimita 5 chini, kikae mwaka mzima.